Chuma Kilichokwenda Msibani

Bunduki ililetwa kwa Singano ikiwa imefungwa kwa kitenge. Askari aliyeileta aliomba radhi, akasema mifuko ya vielelezo ilikuwa imekwisha kituoni. Singano alijibu kuwa hakuna neno. Alikifungua kitenge taratibu, akaiweka bunduki mezani, akaitazama kwa muda bila kuigusa.

Ilikuwa kazi ya mhunzi, ya risasi moja. Mtutu ulinyooka kama uzi, na kitako cha mvule kilikuwa kimesuguliwa kwa nta mpaka kikang'aa. Haikuwa na namba wala alama yoyote.

"Fundi huyu anajua kazi," alisema.

"Usimsifu, Mzee," alijibu Wakili Nalubega, mwendesha mashtaka wa Shirikisho, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ameipiga juu ya paa la shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake. Mama yule amelala ndani, mabati yanalia. Nitafutie mto wa mpakani tu. Ukiniambia imevuka mto, mengine niachie mimi."

Singano aliiingiza bunduki ndani ya mashine. Katika karatasi za serikali mashine hiyo ilikuwa na jina refu, lakini maabara nzima iliiita Mganga, kwa kuwa ilitazama ndani ya kitu na kusema kilikotoka. Chuma chote kilichoyeyushwa viwandani ndani ya Shirikisho kilitiwa vumbi la njia, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila mpaka kati ya jimbo na jimbo ulikuwa na mwale. Chuma kikipita katika mwale, chembe zake hubadilika kidogo, na badiliko hilo halifutiki hata kwa moto. Mganga aliyasoma mabadiliko hayo kama mtu anavyosoma chale kwenye uso wa mgeni, akajua huyu ni wa wapi na amepita wapi.

Haja ya yote hayo ilitoka kwenye Katiba. Katiba iliyaachia majimbo kila jambo ambalo haikulitaja, na Shirikisho ikalikabidhi mambo machache tu: fedha, jeshi, na biashara inayovuka mipaka. Kwa hiyo Shirikisho halikuwa na uwezo wa kumfunga mtu kwa sababu tu anamiliki bunduki. Lakini bunduki ikishavuka mpaka, na mwenye nayo akawa amewahi kutiwa hatiani kwa kumdhuru mtu, adhabu ilikuwa miaka kumi. Egesa Wandera, mwenye bunduki hii, aliwahi kumvunja mtu taya. Jimbo lake, Jimbo la Ziwa, lilikuwa na sheria nyingine: silaha aliyoifua mhunzi kwa mkono wake ni kazi ya ufundi, na ni mali yake. Polisi wa jimbo walikuwa wamempa onyo, wakanywa chai kwake, wakaondoka.

Mganga alianza kusoma kutoka mdomo wa mtutu. Chuma kilikuwa safi. Madini yalikuwa ya vilima vya huko huko kwa Egesa, makaa ya huko huko, hakuna vumbi hata chembe moja. Nalubega aliguna. Kisha, karibu na nyuma ya mtutu, mahali panapokaa baruti, kioo kikaonyesha doa dogo kama punje ya ulezi. Lilikuwa limejaa vumbi. Chembe zake zilikuwa zimevuka mto kupitia Lango la Saba, zikarudi, zikavuka tena, zikarudi, kwa miaka mingi.

"Haya," alisema Nalubega, akavuta kiti. "Tumempata."

"Ni punje ya ulezi, Wakili."

"Sheria haikutaja ukubwa. Wewe unatakiwa kusema neno moja mahakamani. Ni sehemu ya bunduki, au ni uchafu ulioingia kwa bahati. Sema ni sehemu."

"Bado sijui kama ni sehemu."

"Utajua lini?"

"Nikijua iliingiaje," alisema Singano, akaanza kukikunja kile kitenge.

*

Mahakama ilikuwa imemruhusu Egesa akae nyumbani mpaka ijulikane kama Shirikisho lina mamlaka juu yake. Alivikwa bangili ya kumfuatilia, nayo iliwakawaka kwenye kifundo cha mkono alipokuwa akivukuta moto. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye sauti ya taratibu. Wakili wake alikuwa ameketi pembeni juu ya gogo, akifuta vumbi kwenye viatu.

"Karibu, Mzee wa Mganga," alisema Egesa. "Umekuja kunipigia ramli nyumbani?"

"Nimekuja kuuliza, kama utapenda kujibu."

"Uliza. Katiba yao nimeisoma kuliko wao. Nilichimba mwenyewe, nikachoma makaa mwenyewe. Mvule ule ulianguka wenyewe pale nyuma ya choo. Hata baruti ni ya hapa hapa. Hakuna kitu changu kilichoona ng'ambo."

"Kuna kitu kimeona ng'ambo. Nyuma ya mtutu, kama punje ya ulezi."

Wakili alikohoa ili kumnyamazisha mteja wake, lakini Egesa alikuwa ameshaanza kucheka.

"Ah, hiyo si kitu. Hayo ni mate ya mzazi."

Alinyoosha mkono kwenye kigingi, akatungua nyundo. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa mikono ya watu, lakini uso wake ulikuwa wa chuma cha kiwandani, uliounganishwa baada ya uso wa zamani kulika. Alieleza kwa uvumilivu, kama anayemweleza mtoto wa mgeni. Chuma kipya hakina baba. Kabla ya pigo la mwisho, mhunzi hukwangua kidogo nyundo ya ukoo, akakitia chuma kile ule unga. Hapo ndipo kinapopata watu wake. Kisipotiwa ni yatima, na yatima hana wa kumwonea haya. Siku moja kitampasukia mwenyewe mkononi.

"Na nyundo inavuka mto?"

"Inavuka, ndiyo. Ukoo wetu uko huku na huko, mpaka ndio uliotukuta. Mhunzi akifa ng'ambo, nyundo inapelekwa, inalazwa kifuani pake mpaka kaburi liwe tayari, kisha inarudi. Tangu babu yangu..."

Wakili alikuwa ameacha kufuta viatu.

"Ulikuwa unajua sheria yote," alisema Singano. "Ungeweza kuyaacha hayo mate."

Egesa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumzika mama yake kichwa chini.

"Kuyaacha kivipi?" alisema.

Wakili alisimama. "Mzee, kwa kifupi, mteja wangu hajasema lolote. Msimamo wetu ni kwamba huo ni uchafu. Pengine ni wa maabara yenu. Vyuma vingi vinapita pale."

"Nimekusikia," alisema Singano. Kisha akamgeukia Egesa. "Na lile paa?"

"Kulikuwa na kunguru."

"Juu ya paa?"

"Siku zote yuko juu ya paa," alisema Egesa kwa upole, akarudisha nyundo kwenye kigingi. "Shemeji yangu ni mtu mzuri. Tatizo lake ni kulima mtama juu ya mawe ya chuma. Ule mteremko mwekundu ni wa wahunzi. Kaka yangu alikuwa mhunzi, sawa. Yeye ni mhunzi? Nimemwomba kwa mdomo. Mdomo wangu umechoka."

Nyumba ya Nabwire, yule mjane, ilikuwa upande wa pili wa mteremko huo, na mabati yake yalionekana kutoka karakana ya Egesa, na karakana ya Egesa ilionekana kutoka mlangoni kwake. Alikuwa akipalilia. Hakuacha kazi Singano alipomkaribia.

"Umekuja kunisaidia mimi au kumsaidia yeye?"

"Nimekuja kuona nyundo, mama."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi umeona kila kitu cha hapa. Hili jembe nalo lina mate ya nyundo hiyo, marehemu alilitia akiwa anaimba. Sufuria yangu iliyozibwa, nayo inayo. Kengele za mbuzi. Hakuna chuma kijijini hiki ambacho hakimjui mzee yule wa kigingini." Alipiga jembe chini, akalisimamia. "Wakati wa Msako unaujua?"

Singano aliujua. Miaka ile, kabla Katiba haijarekebishwa, jeshi la Shirikisho lilipanda vilimani kukamata silaha zilizovuka. Misumari ya mipini ilikuwa imetoka ng'ambo, basi wakachukua mapanga, kisha pinde, kisha wenye mapanga na pinde. Ndiyo maana baadaye neno biashara liliongezwa kwenye Ibara ya mipaka, ili isiwe kila kuvuka ni kosa.

"Baba yangu alichukuliwa kwa ajili ya panga la kukatia nyasi," alisema Nabwire. "Hakurudi. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikiona koti la Shirikisho natapika. Na sasa mimi ndiye niliyetembea mpaka kituoni kwao kuwaita. Wa jimbo wanakunywa chai kwake. Nimwite nani?"

Singano aligeuka, akaitazama karakana upande wa pili wa mteremko.

"Atanipiga," alisema Nabwire. "Si leo, kwa sababu ya ile bangili. Ikitolewa, atanipiga, na atasema alikuwa kunguru."

Akaendelea kupalilia.

*

Asubuhi ya shauri, Nalubega alimkuta Singano kwenye veranda ya mahakama akila mhogo wa kuchemsha. Singano alimweleza yote aliyoyaona. Nalubega alisikiliza hadi mwisho, akachukua kipande cha mhogo bila kuombwa.

"Upande wao watasema ni uchafu," alisema. "Hawawezi kutaja nyundo, maana wakiitaja wamekubali kwamba ni sehemu. Mimi nitakuuliza maswali mawili. Ni sehemu? Ndiyo. Ilivuka? Ndiyo. Unashuka kizimbani, unarudi kwa Mganga wako."

"Hutauliza ilivuka kwa nini."

"Kwa nini niulize? Vumbi haliandiki sababu. Chuma kilipita, mwale ukakiona."

"Ibara inasema biashara."

"Mzee, yule mama anaogopa kulala kwake. Unataka nikamwambie nini? Kwamba Ibara ina neno moja zaidi?"

"Ikikubalika hivyo leo, basi kila jembe kule ni la Shirikisho."

"Nani anataka majembe?"

"Leo hakuna," alisema Singano.

Nalubega alimaliza mhogo wake. Hakuwa amekasirika. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na alimjua mtu huyu mwenye kupima mara mbili hata chumvi ya mboga. "Jibu utakaloulizwa," alisema. "Hilo tu ndilo ninalokuomba."

Jaji Kokushubila alikuwa mama mfupi aliyependa kuandika kwa mkono, na mashahidi walilazimika kumsubiri kila mara. Singano aliapishwa. Alieleza vumbi na mwale. Nalubega aliuliza swali lake la kwanza.

"Ni sehemu," Singano alijibu. "Iliwekwa kwa makusudi. Kwa aliyeifua, bunduki isingekuwa imekamilika bila hiyo."

Egesa, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mshtakiwa, alitikisa kichwa kukubali kabla wakili wake hajamgusa kiwiko.

"Na ilivuka mpaka?"

"Ilivuka. Mara nyingi."

Nalubega aliketi. Wakili wa utetezi alisimama, akauliza juu ya usafi wa maabara, juu ya brashi, juu ya glavu, juu ya kitenge. Singano alijibu kila moja. Wakili aliketi akiwa na uso wa mtu aliyetafuta shimo kwenye gunia na kukuta gunia ni jipya.

"Shahidi," alisema Jaji, bila kuinua kalamu, "una la kuongeza?"

Lilikuwa swali la desturi. Kila shahidi mtaalamu huulizwa, na kila mmoja husema hana, Mheshimiwa. Singano alitazama upande waliokaa watu. Nabwire alikuwa benchi la nyuma, mikono juu ya mapaja, akimtazama moja kwa moja. Aliyaona kwa uwazi mambo yote mawili. Akisema hapana, hatakuwa amesema uongo hata neno moja, na mwanamke yule atalala kwa amani miaka kumi. Na kesho mwendesha mashtaka mwingine, asiyekula mhogo na mtu, atashika hukumu hii mkononi na kupanda vilimani nayo. Hata hivyo kesho hiyo ilikuwa ya kufikirika, na yule mama alikuwa pale, amevaa leso ya kijani.

Lakini alikuwa ameapa kusema ukweli wote, na hakujua njia ya kuukata katikati kisha akauita mzima.

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema.

Akaeleza nyundo. Akaeleza vifua vya wafu. Alisema kwamba, kwa kadiri alivyoweza kujua, chuma kile hakikuwahi kununuliwa wala kuuzwa katika safari zake zote. Kilikwenda msibani na kurudi. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Nalubega alikuwa anatazama dirishani.

Hukumu ilisomwa baada ya mapumziko, na ilikuwa fupi. Kuvuka kwa maziko si biashara. Kilichovuka kwa maziko, machoni pa Katiba, hakikuvuka. Shirikisho halina mamlaka juu ya bunduki hii wala juu ya mwenye nayo. Kama Jimbo la Ziwa linaona sheria yake ni dhaifu, lina bunge. Mshtakiwa aachiliwe, na mali yake arudishiwe.

*

Kanuni ilitaka kielelezo kirudishwe na mkono ule ule uliokihifadhi. Singano alimkabidhi Egesa bunduki kwenye ofisi ndogo ya mahakama, karani akishuhudia. Egesa aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa zawadi.

"Asante, Mzee wangu," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyesema ukweli mle ndani. Hata wakili wangu alinifanya nione aibu. Eti uchafu." Alipitisha kidole nyuma ya mtutu. "Siku moja njoo nikufulie kisu."

"Sitakuja," alisema Singano.

Egesa hakuonekana kuudhika. Bangili ilikuwa imekwisha kutolewa. Palibaki mstari mweupe kwenye ngozi. Alitoka nje akitembea katikati ya barabara.

Singano alimkuta Nabwire barabarani, njia ya kushuka mtoni. Alikuwa na baiskeli isiyokuwa na nafasi tena: godoro lililokunjwa, sufuria, mfuko wa mbegu za mtama, na jembe lililofungwa kwa kamba juu ya yote. Hakuwa amerudi nyumbani baada ya hukumu. Vitu hivyo alikuwa ameviacha kwa muuza chai tangu asubuhi.

"Ulijua," alisema Singano.

"Nilijiandaa. Si sawa na kujua." Aliendelea kusukuma, na Singano akashika godoro kwa nyuma lisianguke. "Dada yangu ameolewa ng'ambo. Nisikilize, Mzee, nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama ulivyomjibu yule mama Jaji. Akinifuata ng'ambo na ile bunduki, inakuwaje?"

"Hapo imevuka. Ni kosa la Shirikisho. Miaka kumi."

"Akipita vichochoroni, mbali na lango?"

"Lango ni la watu. Mwale unafuata mto wote."

"Kwa hiyo mkinikatalia kunilinda huku, mto utanilinda kule."

"Ndiyo, mama. Ila mteremko wako..."

"Mteremko anauchukua. Kaburi la mume wangu nalo liko mle mle. Nimeshahesabu hilo, usinikumbushe." Walikuwa wamefika mahali barabara inapoinama, na vibanda vya Lango la Saba vilionekana, na watu wakipanga foleni na mizigo yao. Nabwire alisimamisha baiskeli. "Na akija msibani?"

Singano aliliachia godoro.

"Mhunzi haendi msibani mikono mitupu," alisema Nabwire. "Anabeba kazi yake, wanaiweka mbele ya maiti waione. Nyundo peke yake ndiyo inayolazwa kifuani. Akija na bunduki, akasema ninakwenda kuzika?"

"Jaji hakutaja nyundo peke yake," alisema Singano mwishowe. "Alisema kilichovuka kwa maziko."

"Ni maneno yako wewe."

"Ndiyo. Ni maneno yangu."

Nabwire alitazama foleni. Hakumlaumu, na Singano angependelea amlaumu. Upepo wa mtoni ulipeperusha ncha ya leso yake.

"Huko kwa dada yangu," alisema baadaye, "wahunzi wamebaki mmoja tu. Baba mkwe wake, wa ukoo ule ule wa nyundo. Mzee sana, anakohoa mpaka kuku wanashtuka. Wengine vijana wamekwenda mijini, hakuna anayefua. Msiba wa mhunzi kule umebaki mmoja tu, wake."

"Ana umri gani?"

"Hata yeye hajui." Alishika vizuri usukani, akaitazama sufuria kama anayeipima. "Basi nitampikia uji. Asubuhi na jioni, wa ulezi, na maziwa. Atakunywa apende asipende."

Akaingia kwenye foleni.